Safari ya Voi Hupangwa kwa Maji



Mtu akitaka kutoka mji wa kale wa Mombasa, avuke nyika ya Taru, apande milima ya Taita, kisha ashuke hata Taveta mpakani, jambo la kwanza aulizalo huwa ni nauli. Nauli ni lazima. Lakini wazee walioipita njia hiyo kwa miguu walianza na swali jingine: maji yako wapi, na ni mwendo gani toka maji haya hata yale?

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyokwenda Uchaga ilipita Taru, Maungu, Ndara na Bura, ndipo ifike Taveta. Huko Taru mna ngurunga, yaani mashimo ya mwamba yanayoweka maji ya mvua. Mvua ikikosa, ngurunga hukauka, na mpagazi mwenye mzigo kichwani hakuwa na tumaini ila Maungu, ambako maji yalikuwa juu mlimani. Aliyepanga vibaya hakupoteza fedha tu. Aliweza kupoteza roho yake. Ndiyo sababu Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia. Hata reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wafanya kazi waliokuwa katika nyika hiyo iliwapasa kuletewa maji kwa garimoshi.

Siku hizi maji hununuliwa dukani, lakini hekima ile haijachakaa. Msafiri na agawe safari yake kwa vituo, na kila kituo akipe haki yake.

Mombasa na apewe siku nzima. Ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, hutazamwa vema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kesho yake apande garimoshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Aulize kwanza lipi husimama Voi, maana si yote yasimamayo vituo vya njiani. Mwenye motokaa asivuke nyika usiku: ndovu wa Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, hawajui sheria za barabara.

Voi ni njia panda, nao wengi huipita wakiwa usingizini. Afadhali msafiri alale hapo. Kutoka Voi hupita Mwatate, kisha barabara hupanda kwa mizunguko hata Wundanyi. Aliyetoka joto la pwani na achukue sweta, kwa kuwa kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, na ukungu wake ni wa baridi. Katika vipande vya msitu vilivyosalia huko wamo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wataita wana pia fighi, misitu yao mitakatifu, na mapango yaliyowekwa mafuvu ya wazee wao. Huko mgeni haingii kwa haraka ya kupiga picha. Huomba kwanza ruhusa kwa wenyeji.

Toka Voi hata Taveta ni kama kilomita 110. Njiani kuna Maktau, ambako mwaka 1915 reli ya kijeshi ilifikishwa ili kupeleka askari, chakula na maji. Na kilima cha Salaita, kilichopiganiwa tarehe 12 Februari 1916. Makaburi ya vita hivyo yapo Voi, Maktau na Taveta. Mbele kuna ziwa Chala, lililomo ndani ya shimo la volkeno, na mpaka umekata katikati yake.

Kuhusu majira, mvua za masika, toka Machi hata Mei, hutelezesha njia za milimani. Miezi ya kiangazi ni bora kwa kupanda, ila ndiyo miezi ambayo Taru haina huruma kwa mwenye chupa moja ya maji.

Mwenye siku tatu tu na aache Taveta kwa safari nyingine, kuliko kuviona vituo vyote dirishani. Mgeni alalaye Voi au Wundanyi hununua chakula cha mwenyeji, husikia habari za nchi, na huijua kweli njia aliyoipita. Mwenda pole hajikwai.