Pesa za Haraka na Deni la Shilingi 500

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka, katika bwalo la shule)



Nimeombwa nizungumze juu ya kijana na maisha baada ya shule. Mtumishi wa serikali akipewa kichwa kama hicho, kwa kawaida huja na karatasi nyingi. Mimi nimekuja na mambo mawili tu. Nitawasimulia sinema moja, kisha nitawaungamia kosa langu mwenyewe.

Sinema hiyo inaitwa Nairobi Half Life, na ilitoka mwaka 2012. Iliongozwa na David Gitonga, Mkenya mwenzetu, nayo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Haikuwa na fedha nyingi kama sinema za Marekani. Ilizaliwa katika mafunzo ya vijana watengenezaji filamu yaliyofanyika Nairobi chini ya uangalizi wa Mjerumani Tom Tykwer. Waigizaji wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng, kama tunavyosikia kila siku ndani ya matatu. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Joseph Wairimu, aliyeigiza kijana Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora mjini Durban mwaka huo huo.

Mwas ni kijana wa mashambani anayeuza kanda za sinema za mapigano na kuwaigizia wateja wake ili wanunue. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Siku moja waigizaji kutoka Nairobi wanafika kwao, naye anamwomba mmoja wao amsaidie. Bwana yule anamwambia alete shilingi 1,000 ndipo apate nafasi. Mwas ana 500 tu. Basi anatoa hizo, na nyingine 500 anaambiwa azilete Nairobi.

Vijana, liangalieni vizuri jambo hilo. Hapo hakuna bunduki bado, wala gari lililoibwa. Kuna kijana mwenye kipawa, kuna mlango, na kuna mtu mwenye heshima zake aliyesimama mlangoni akidai kitu kidogo.

Yanayofuata ni hesabu, na Mwalimu wa Hesabu aniwie radhi nikikosea. Akiwa safarini, Mwas anapewa na binamu yake redio ya gari ya bei kubwa aifikishe dukani River Road. Anapokanyaga Nairobi tu, wezi wanamnyang'anya kila kitu. Sasa ana deni la redio. Siku hiyo hiyo anatiwa ndani, na huko mahabusu anasafishishwa choo ambacho sitaki kukieleza hapa kabla ya chakula cha mchana. Huko ndiko anakokutana na Oti, na Oti anamwingiza katika kundi lake la wezi wa vipuri vya magari. Binamu anamsamehe redio, lakini kwa sharti kwamba aibe gari zima. Akishaiba gari moja, Mwas mwenyewe ndiye anayewashawishi wenzake waache vipuri na waingie kwenye magari, kwa kuwa huko ndiko kwenye pesa.

Mmeiona hesabu hiyo? Shilingi 500 zimezaa redio, redio imezaa gari, na gari litazaa maiti. Kila mara Mwas anasema moyoni kwamba hii ndiyo ya mwisho, alipe deni, aendelee na uigizaji wake. Na kweli anapata nafasi ya kuigiza. Mchana yuko kwenye mazoezi na usiku yuko kwenye wizi. Lakini pesa za haraka hazimalizi deni. Hulipa dogo kwa kukopa kubwa zaidi. Mwisho polisi waliokuwa wakila na kundi lile wanawageuka, wenzake wanauawa, naye anaponea chupuchupu na kwenda jukwaani akiwa ametoka kwenye damu ya marafiki zake. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Sinema hii inaongeza kwamba hata asiyekufa hubaki na deni lake.

Nilitoka kuitazama nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Nilikuwa na digrii, kazi serikalini, na gari dogo la mkopo. Nilijiona mtazamaji tu.

Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa Ijumaa, kioo cha ubavuni cha gari langu kiling'olewa. Kesho yake mfanyakazi mwenzangu akanishauri nisipoteze pesa kwa kioo kipya. Akanielekeza kwa muuza vipuri mmoja mjini. Nilikwenda. Muuzaji aliniuliza aina ya gari, akaniagizia chai, akamtuma kijana. Kabla sijamaliza kikombe, kijana alirudi na kioo kimefungwa kwa gazeti. Nilikifungua. Pembeni kilikuwa na mkwaruzo wa lango la nyumbani kwangu, nilioufanya mwenyewe wakati wa kurudi nyuma.

Kilikuwa kioo changu. Je, nilipiga kelele? Hapana. Nilipunguziwa shilingi 300, nikalipa, nikashukuru.

Kijana yule ndiye aliyekifunga kwenye gari. Alikuwa mpole, na mikono yake ilijua kazi. Nilimuuliza kama alisoma. Akasema alimaliza Kidato cha Nne na kupita vizuri, ila cheti chake kiko shuleni kwa sababu ya salio la karo. Bila cheti hakuna anayemwandika kazi wala chuo kinachompokea. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja kijiji anachotoka. Nilimwambia nitarudi tuzungumze.

Sikurudi. Nilipopita huko baada ya miezi mingi, hakuwapo. Nilimuuliza muuzaji, aliinua mabega, akaniuliza nataka kipuri gani.

Ndugu zangu, mimi ndiye mtu ambaye kamera ya sinema ile haikumfuata nyumbani. Mwizi wa kioo hajitazami kwenye kile kioo, anakiuza. Na anayenunua si jambazi. Ni mimi, mwenye tai shingoni, niliyetaka bei nafuu bila maswali. Nami pia nilizitaka pesa za haraka, zile zilizobaki mfukoni mwangu.

Kwenu vijana sitaficha neno. Shida haimpi mtu ruhusa ya kuiba, na Mwas alikuwa na nafasi ya kukataa zaidi ya mara moja. Leo si lazima mtu akupe redio uibebe. Kamari na mikopo ya haraka vyote viko ndani ya simu, na hesabu yake ni ile ile ya kulipa dogo kwa kubwa. Ukijikuta una deni, litaje mapema likiwa bado ni 500. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu, mwandikie mmoja wetu.

Kwetu wazee wa shule, asubuhi ya leo Mwalimu Mkuu alinifungulia kabati la chuma ofisini kwake. Lina vyeti vya vijana waliomaliza hapa na hawajarudi kuvichukua, wengi wao kwa sababu ya karo. Najua sheria inasema nini juu ya kuzuia vyeti, na yeye anajua. Tena najua kwamba jiko la shule halipikii sheria, na muuza mahindi anataka kulipwa. Basi tusilaumiane. Kabla ya kula, naomba kila mmoja wetu achukue jina moja kwenye orodha iliyo mezani, alipe salio lile, kisha amtafute mwenye cheti na kumkabidhi kwa mkono wake.

Mimi nimeshachukua jina langu. Si la kijana yule. Yeye hakusoma hapa, na nilichelewa kumfikia. Huyu nitamtafuta kuanzia Jumatatu.