Kupima Kolesteroli Wakati wa Homa

Kolesteroli haiyeyuki katika damu. Hubebwa na chembe zenye protini. LDL huisambaza mwilini, nayo ikizidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa. HDL huirudisha kwenye ini. Mwili unapopambana na malaria au nimonia, ini huongeza protini iitwayo CRP, ishara ya uvimbe au maambukizi, huku kolesteroli ikishuka kwa muda. Basi anayepimwa akiwa na homa huenda akaambiwa yuko salama, kumbe mishipa yake inaziba bila maumivu. Mwelezeni mhudumu wa afya kama mmeugua majuma ya karibuni, mpimwe tena mkishapona. Anayetumia dawa za kolesteroli asiziache kwa sababu ya matokeo mazuri ya siku moja.