Maumivu ya Saa Nane Usiku: Kidonda cha Duodeni, Ayurveda na Mwarobaini wa Majimoto

Mkulima wa mpunga wa Majimoto, huko Mpimbwe mkoani Katavi, katika bonde la Rukwa, anaweza kula wali wake jioni, akalala vizuri, kisha akashtuka saa nane usiku tumbo likimwaka chini kidogo ya kifua. Anapapasa gizani, anapata kiporo cha ugali, anakitafuna, maumivu yanatulia. Asubuhi anasema ana vidonda vya tumbo, na jirani anamwonyesha mwarobaini: achemshe magome, anywe kikombe asubuhi na jioni.

Mti huo una safari ndefu nyuma yake. Asili yake ni Bara Hindi, ambako Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, huuita nimba. Afrika Mashariki ikaupa jina la maradhi arobaini ambayo watu huamini kwamba unayaponya. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama Ayurveda inatibu kidonda cha duodeni hazungumzii mambo ya ng'ambo tu. Anazungumzia pia sufuria iliyoko mekoni Katavi.

Duodeni ni mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali chakula kinapoingia kikitoka tumboni pamoja na asidi. Kidonda kikiwa hapo, kwa kawaida njaa huleta maumivu na chakula huyatuliza, na maumivu hurudi saa mbili au tatu baada ya mlo, ama usiku wa manane. Waganga wa Ayurveda waliliona hilo mapema mno. Madhava, aliyeandika kitabu cha kutambua magonjwa takriban miaka 1,300 iliyopita, alitenganisha parinama shula, maumivu yanayokuja chakula kinaposagika, na annadrava shula, yale yasiyojali kama mtu amekula au la. Hakuwa na kamera ya kuchungulia tumboni. Alikuwa na subira ya kumsikiliza mgonjwa na kumuuliza huumwa saa ngapi, na swali hilo bado lina thamani katika zahanati yoyote.

Chanzo chenyewe hakikuonekana kwa macho yao. Ayurveda ilieleza kwamba moto wa tumbo, agni, umeharibika, na ukali wa pitta, nguvu ya joto mwilini, umezidi. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren waliotesha maabara bakteria waliomtoa kwenye ukuta wa tumbo la binadamu, anayeitwa leo Helicobacter pylori, ambaye ndiye chanzo cha vidonda vingi vya duodeni. Madaktari wengi waliamini kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kustahimili asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua, na vipimo vikaonyesha ukuta wa tumbo lake umeathirika. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Ugunduzi huo ulibadilisha maana ya neno kupona. Dawa za kupunguza asidi zilikuwa zikifunga kidonda, lakini kwa wagonjwa wengi kilirudi ndani ya mwaka. Bakteria akiuawa, kurudi huko huwa nadra. Kipimo hichohicho lazima kitumike kwa dawa ya mitishamba: haitoshi kwamba imetuliza maumivu.

Je, mwarobaini unafikia wapi? Watafiti wa Kolkata walichapisha mwaka 2004 majaribio ya dondoo la magome yake. Miligramu 30 mara mbili kwa siku, kwa siku 10, zilipunguza asidi kwa asilimia 77. Na wagonjwa waliotumia dondoo hilo kwa wiki 10, vidonda vyao vya duodeni vilikaribia kufunga kabisa. Ni matokeo ya kutia moyo, ila wagonjwa walikuwa wachache, na dondoo lililopimwa kwa miligramu si kikombe cha magome kisichojulikana ukali wake.

Dawa nyingine maarufu ya Ayurveda ni mzizi wa yashtimadhu, maana yake fimbo ya asali, ambao Waarabu huuita irq sus. Kutoka humo Waingereza walitengeneza karbenoksoloni, dawa ya vidonda iliyoingia sokoni miaka ya 1960. Ilisaidia, lakini ilipandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini. Mtu mwenye presha anayetafuna mzizi huo kila siku anapaswa kulijua hilo.

Hatari kubwa zaidi imo katika unga usio na jina. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha vipimo vya bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo hilo. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, pamoja na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla ya kutoa pesa.

Mgonjwa wa Majimoto aanze na kipimo cha choo. Kile cha damu huweza kuonyesha bakteria hata baada ya kutibiwa, kwa sababu hutafuta askari wa mwili, ambao hubaki damuni. Pia aseme ukweli kuhusu diklofenaki na aspirini anazomeza kwa maumivu ya mgongo baada ya palizi, kwani nazo huchimba vidonda. Akikutwa na bakteria, ameze dozi nzima, kwa kawaida siku 14. Kununua nusu dozi dukani kunamfundisha bakteria kustahimili dawa. Akitaka kurudi kwenye mwarobaini, amwambie mhudumu wa afya.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au akitapika damu, magome yawekwe kando saa ileile na apelekwe hospitali. Barabara ya kwenda hospitali mjini Mpanda hupita Kibaoni, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kutokea Sitalike. Familia inayongoja kupambazuke inapoteza saa ambazo damu haisimami kumsubiri mtu. Na aliyemaliza dozi salama arudi kupima choo baada ya wiki nne, akiwa ameacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, wiki mbili kabla.