Ndege Nyuki na Mzimu wa Msitu

Juma hili nazungumzia misitu, ingawa kazi yangu iko Mchafukoge, katikati ya jiji. Bustani yetu kubwa hapa inaitwa Mnazi Mmoja, na jina hilo linatosha kueleza utajiri wetu wa miti.

Lakini msitu unaingia mjini kila siku, nao huingia ndani ya magunia. Mama lishe wa Kariakoo anayetukaangia chapati alfajiri hununua mkaa wake kwa kisado, wala hakuna amwulizaye mti ule ulisimama wapi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa nchi hii unaunguzwa Dar es Salaam. Mkakati wa serikali uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni shabaha njema, ila kabla ya kufika huko shoka halilali.

Hasara ni yetu pia. Maji mengi ya jiji hili hutoka Mto Ruvu, na Ruvu chimbuko lake ni Milima ya Uluguru. Oktoba 2022 mto ulipopungua kwa ukame, tuliingia katika mgao wa maji. Sisemi ukame ule uliletwa na shoka. Nasema mlima uliovuliwa miti hauna akiba ya kutufaa siku kama zile.

Wazaramo, wenyeji wa jiji hili, walilitambua jambo hilo zamani. Mvua ikikosekana, jina lililotajwa lilikuwa Kolelo, mzimu wa pangoni huko Uluguru, unaosimuliwa kwa umbo la nyoka mkubwa. Jina hilo lilikuwa na nguvu hata mwaka 1905, wakati wa Majimaji, likasikika Uzaramoni katika habari za kuwapinga Wajerumani. Watu wa pwani walijua kwamba riziki yao inaanzia mlimani, wakapaheshimu mahali hapo.

Jirani zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana misitu yao ya kaya. Humo ni mwiko kukata mti au kuchunga mifugo, na mgeni hufuata njia iliyowekwa na wazee. Mwaka 2008 kadhaa kati ya misitu hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata huku kwetu, Wazigua wa Handeni na Wagweno wa Upare walihifadhi misitu kwa mila kabla hajatokea bwana misitu yeyote.

Hadithi hizo zilifanya kazi ya askari. Zilimfanya kila mtoto wa kijiji awe mlinzi bila mshahara wala bunduki. Hata hivyo tuseme kweli: mzimu humtisha anayeujua. Mchoma mkaa aliyetoka wilaya nyingine, mwenye lori linalomngoja barabarani, hakulelewa na hadithi ile.

Hapo ndipo inapofaa ndege nyuki, yaani chombo kidogo kisicho na rubani chenye kamera. Picha za setilaiti zinazopatikana bure, kama za Sentinel-2, kila kitone chake ni mita 10 kwa mita 10. Mti mmoja ukianguka ni vigumu kuutambua, na siku ya mawingu hupati kitu. Ndege nyuki hupita chini ya wingu. Mamia ya picha zake yakiunganishwa kwa kompyuta hutoa ramani ambayo pale palipokwisha fyekwa huonyesha hata kisiki na tanuri la mkaa. Wala si mambo ya Ulaya tu. Kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa vyombo hivi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuvirusha.

Lakini kamera huona kisiki mti ukishaanguka. Haimfundishi mtu kuona haya kabla ya kuinua shoka. Kazi hiyo bado ni ya hadithi.

Liko jambo linalonitia wasiwasi. Kibali cha kurusha ndege nyuki huombwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Je, kibali cha wazee kinaombwa kwa nani? Mahali ambapo hata mwenyeji haingii bila ruhusa, chombo kinapita juu, kinapiga picha makaburi na mapango, kisha picha zinakwenda kukaa katika kompyuta mjini. Wanakijiji wakiona hivyo watasema ulinzi sasa ni wa ofisi. Siku hiyo tutakuwa tumepata kamera moja na kupoteza walinzi mia.

Rai yangu ni hii. Wazee waulizwe kwanza, na wakisema hapa msipige picha, wasikilizwe. Mipaka wanayoisimulia, ya kijito, jabali au mbuyu, iingizwe katika ramani, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Vijana wa hapo hapo wafundishwe kurusha. Na picha zionyeshwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mzee akisimulia na kijana akionyesha palipokatwa.

Wako watakaoniandikia kwamba nahubiri matambiko. La, sisemi mtu aabudu pango. Nasema aheshimu mpaka uliolinda maji anayokunywa.

Nasi wa Mchafukoge na Kariakoo tuna sehemu yetu. Mkaa halali husafiri na hati yake. Tuanze kumwuliza muuzaji gunia limetoka wapi. Kolelo yuko mbali, na ndege nyuki haioni ndani ya jiko. Huku mjini mlinzi ni mnunuzi.