Kikombe, Gorogoro na Mizani: Kupima Matunda ya Kupikia Kitale na Bungoma



Nianze na sufuria yangu iliyoharibika. Kitabu kiliagiza nanasi na sukari, kilo kwa kilo. Sikuwa na mizani, nikapima kikombe kwa kikombe. Jamu ikatoka tamu ya kukereketa, na baada ya siku chache ikafanya chengachenga za sukari. Nilipoazima mizani ndipo nikaelewa: kikombe cha mililita 250 kikijaa vipande vya nanasi kina gramu 170 hivi, kikijaa sukari, gramu 210. Nilikuwa nimezidisha sukari kwa karibu robo.

Mwizi ni hewa. Vipande haviingiani, huacha mianya. Ukiviponda, hewa hutoka na uzito hukaribia ule wa maji. Ndizi mbivu iliyopondwa, au parachichi, hufika gramu 240 katika kikombe hichohicho. Papai la vipande ni gramu 150, likipondwa, 240. Basi anayekuambia "tia kikombe cha papai" asikuambie limekatwaje, hajakuambia kitu.

Sokoni mambo ni mengine kabisa. Chwele au Kitale tunda huuzwa kwa fungu, kwa ndoo, kwa gunia, au moja moja. Gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili za mafuta ya kupikia, tumeuzoea kwa mahindi na maharagwe, na mahindi hufika kilo mbili na ushei. Ujaze mapera mazima, usawazishe mdomoni: hupati hata kilo moja na nusu. Muuzaji hajakuibia, pera ni mviringo.

Kisha kuna ganda. La ndizi huchukua karibu theluthi ya uzito. Keki inayotaka vikombe viwili vya ndizi iliyopondwa, yaani gramu 480, inakudai ununue zaidi ya gramu 700. Pima baada ya kumenya, lakini piga hesabu ya bei kabla ya kumenya.

Asiye na mizani asikate tamaa. Pakiti ya maziwa ya nusu lita itakuonyesha ukubwa halisi wa kikombe chako. Vile vya bati vya chai mara nyingi hupita mililita 250. Kwa uzito, funga fimbo katikati kwa kamba, ining'inie sawa, uning'inize ndoo mbili ndogo zinazolingana. Tia pakiti ya sukari ya nusu kilo upande mmoja, matunda upande wa pili, mpaka fimbo itulie. Bibi zetu wangecheka kwamba hili linahitaji semina.

Jambo moja la pembeni, kwa wapika jamu. Vitabu vingi husema jamu iive kwa nyuzi 104 au 105, na hivyo ni vitabu vya usawa wa bahari. Kitale, takriban mita 1,900 juu, maji huchemka karibu nyuzi 94. Bungoma, karibu 95. Ongeza nyuzi nne au tano juu ya hapo, basi. Ukingojea 104 ukiwa Kitale, utapata gundi.

Meza ya nyuma ina ndizi, papai, visu na mizani mbili. Kila kikundi kikate papai lake kwa ukubwa kinaoutumia nyumbani, kipime kikombe, kiandike ubaoni.