Akili Mnemba na Daftari Letu: Maneno ya Katibu



Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Kamati imeniomba niseme machache kuhusu hii akili mnemba ambayo kila mtu anatuhimiza tuitumie.

Ndugu zangu, shinikizo lipo, tusidanganyane. Programu ya ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na haikukawia kufika hata kwetu. Ofisini ninakopiga chapa naambiwa barua ya siku nzima iishe kwa dakika kumi. Nyumbani mwanangu ananiambia, "Mama, unajitesa na daftari." Na hapa kikundini wapo walioanza kusema eti katibu amepitwa na wakati. Nikaona aibu, nikaijaribu.

Mnakumbuka ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024. Tulipotaka kuomba, niliiagiza mashine ituandikie andiko la mradi. Jamani, dakika mbili tu! Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Nikalileta kikaoni tutie sahihi.

Kwa desturi yetu karatasi haitiwi sahihi kabla ya kusomwa kwa sauti, maana si wote tunaojua kusoma. Nikasoma. Nilipofika katikati, bibi yetu mmoja, ambaye hajaona mlango wa darasa, akainua mkono: "Katibu, hao kuku mia mbili tunaowafuga, wako kwa nani?"

Kimya. Kuku hatuna! Mimi niliiambia mashine kwamba tunataka kufuga. Yenyewe ikaandika tunafuga, ikaongeza na idadi. Haikukusudia kutudanganya. Kazi yake ni kukisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi iliyolishwa, na penye pengo hujaza. Lakini sahihi zingekuwa zetu. Ofisa angekuja kukagua banda, angemwuliza nani? Mashine?

Tangu siku hiyo tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, anayetaka kuitumia aitumie, ila aseme wazi, na kilichoandikwa kisomwe mbele ya wote. Pili, majina, namba za simu na madeni ya wanachama hayaingizwi humo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, deni la mwenzio ni amana. Tatu, nani akopeshwe na nani aongezewe muda tutaamua wenyewe. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake wanazo kina mama watatu. Mashine haina ufunguo.

Sisemi tuikatae. Andiko tulilirekebisha, kuku wakatolewa, likapelekwa. Ninachosema ni kwamba tusikimbizwe. Miaka kumi hii tumefika kwa kuhesabu fedha polepole, mbele ya macho ya kila mmoja.

Sasa namwomba bibi yetu aliyeuliza habari za kuku asimame, tumpigie makofi.