Kitoweo cha mwenzio usikitemee mate

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara tatu kwa siku, akijaliwa. Nalo ni kula. Sitagusa bei ya unga wala ya sukari. Nataka tutazame maneno yanayotutoka mdomoni tunapokiona chakula cha mwenzetu, hata kabla ya kukionja: "Uchafu gani huo! Watu hawa vipi?"

Tuanzie mbali. Huko Iceland, kisiwa cha baridi kali kaskazini mwa dunia, wako watu wanaokula papa aliyevundikwa. Kwa desturi yao ya zamani, papa huyo huzikwa changaraweni na kukandamizwa kwa mawe kwa wiki 6 hadi 12. Kisha hufukuliwa, akakatwa vipande na kutundikwa bandani apigwe na upepo kwa miezi kadhaa. Harufu yake ni kali kiasi kwamba hata aliyezoea papa mkavu wa pwani yetu anaweza kugeuza uso. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza hucheka na kusema kwamba watu hao wamerukwa na akili.

Hawakurukwa na akili hata kidogo. Papa wa bahari zile za baridi ana sumu akiliwa mbichi. Wazee wa kisiwa hicho, ambako kilimo ni cha shida, walikuwa na mawili ya kuchagua: wakae na njaa ilhali samaki mkubwa amelala ufukweni, au watafute namna ya kuiondoa ile sumu. Wakaitafuta, wakaipata, wakawarithisha watoto wao.

Sasa tujitazame na sisi. Muhogo mchungu, ambao umeokoa maisha ya mamilioni ya watu wakati wa njaa, nao una sumu. Bibi zetu walijua. Ndiyo maana waliumenya, wakauloweka au wakauvundika kwa siku kadhaa, wakauanika ukawa makopa, ndipo wakautwanga. Mgeni akipita penye muhogo ulioota ukungu, akasikia na harufu yake, atasema nini juu yetu? Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwabana watu hata wakala muhogo usiotayarishwa ipasavyo. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Kuloweka kule tunakokuona ni kazi ya kawaida ya jikoni ni elimu, tena elimu ya kufa na kupona.

Wajapani nao wana samaki wao waitwao fugu, jamaa wa bunju wetu. Bunju kwetu anajulikana kwa sumu yake. Japani ni kitoweo cha bei kubwa, lakini mpishi wa hotelini hamgusi mpaka awe amesomea na kupewa leseni. Mwaka 1975 mwigizaji mashuhuri wa nchi hiyo, Bando Mitsugoro, alifariki dunia mjini Kyoto baada ya kula maini ya samaki huyo. Ujuzi ukidharauliwa, chakula hicho hicho huua.

Wasikilizaji, mnaona ninakoelekea. Nyuma ya kila chakula tunachokiita cha ajabu yako maarifa ya watu fulani waliosoma ardhi yao, bahari yao na majira yao. Tunapokicheka chakula, tunayacheka maarifa hayo, na mwenye kuyabeba huona aibu.

Aibu hiyo si hadithi. Nilipata barua ya mama mmoja mkazi wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Bukoba. Mwanawe alikwenda shuleni na kopo la senene aliotumiwa na bibi yake. Wenzake wakampachika jina la Mla Wadudu, na mwalimu, badala ya kuwakemea, akacheka pamoja nao. Tangu siku hiyo mtoto hataki kitu chochote kitokacho kwa bibi. Likizo ilipofika, akakataa hata kwenda kumsalimu. Ndugu wasikilizaji, kicheko cha dakika moja kimemtenga mjukuu na bibi yake.

Na ni kitu gani hicho kilichochekwa? Senene huja na mvua, hutolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Jirani zetu Waganda wanawathamini hata mwezi wa Novemba kwa lugha yao umepewa jina la senene. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa taarifa kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani hula wadudu, wa aina zaidi ya 1,900. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu mabuu makavu ya mbawakawa wa unga yauzwe kama chakula cha binadamu. Naam, wale ambao baadhi yetu tunawaiga hata namna ya kushika uma! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Tena tuangalie jinsi tunavyopima. Konokono akipikwa Paris kwa siagi na kitunguu saumu, tunasema ni chakula cha waungwana. Panya wa shambani akibanikwa na ndugu zetu wa kusini, tunasema ni ushamba. Hapo hatupimi chakula. Tunapima mfuko wa mlaji.

Sisemi kila mtu ale kila kitu. Dini zina makatazo yake na lazima yaheshimiwe, ingawa tukumbuke kwamba nzige ni halali kwa Waislamu, na Biblia inasema Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu. Sheria za wanyamapori zipo, na kanuni za afya zipo. Na kinyaa chenyewe hakilazimishwi kuisha. Koo la mtu ni lake. Lakini kushindwa kula ni jambo moja, na kumdharau anayekula ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo, ukikaribishwa chakula usichokijua, uliza kinatoka wapi na kinapikwaje. Utajifunza kitu. Ukiona hakishuki, sema ahsante, nimeshiba. Na ninyi walimu na wazazi, mtoto akifungua kopo lake mbele ya wenzake, msiwe wa kwanza kucheka.

Nawatakia mlo mwema, uwe wa senene au wa biriani.